Kurusha Droni kutoka kwenye Boti: "Nyumbani" Ni Wapi Baharini?

Vijana wengi wanaopiga picha katika pwani ya Kaunti ya Kwale hujifunza kurusha droni kwenye uwanja wa mpira au ufuoni, mahali ambapo ardhi haisogei. Baadaye kazi huwaita baharini. Mwenye boti ya watalii anataka video ya safari ya Wasini. Kina mama wa Kibuyuni wanataka kuyaona mashamba yao ya mwani kutoka juu. Kikundi cha mikoko cha Gazi au Vanga kinataka kujua ni wapi miche imeshika na ni wapi imekufa. Hapo ndipo kifaa kilichonunuliwa kwa akiba ya miezi mingi, au kwa mkopo wa kikundi, huweza kuishia majini katika safari ya kwanza. Mara nyingi rubani anajua kurusha vizuri tu, na droni inafanya sawasawa na ilivyofundishwa. Tatizo ni kwamba mafunzo hayo yalikuwa ya nchi kavu.

Somo hili linawahusu wale ambao tayari wanaweza kupaisha na kutua bila wasiwasi wakiwa ufuoni. Linawahusu manahodha pia, tena sana, kwa sababu droni ikirushwa kutoka botini nusu ya kazi iko mikononi mwa aliyeshika usukani.

Kibali kwanza

Kanuni za Kenya kuhusu droni zilitolewa mwaka 2020, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Droni husajiliwa, na anayeirusha huwa na idhini inayolingana na kazi anayoifanya. Kuwa baharini hakubadilishi lolote, kwa maana anga iliyo juu ya maji ni anga ile ile ya nchi. Kimo kisizidi futi 400, yaani kama mita 120. Watu, vyombo na majengo yasiyohusika na kazi hiyo yaachiwe nafasi ya mita 50 au zaidi. Droni irushwe mchana, na rubani aione kwa macho yake mwenyewe, si kwenye kioo cha simu pekee. Anayetoka na boti mbele ya Diani akumbuke kwamba kiwanja cha ndege cha Ukunda hakiko mbali na ufuo, na ndege zinazotua huko hupita chini.

Kwa Kisite na Mpunguti kuna mlango wa pili wa kubisha. Kisite ni hifadhi ya kitaifa ya baharini yenye kilomita za mraba 28, na Mpunguti iliyo kando yake ina 11. Zote mbili ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na ruhusa ya KCAA haimpi mtu ruhusa ya KWS. Ni afadhali kuuliza Shimoni kabla ya kufungua kamba kuliko kurudishwa mkiwa tayari na wageni majini.

Nyumbani pa droni

Jambo linalopoteza droni nyingi zaidi zinaporushwa kutoka kwenye boti ni neno moja lililo kwenye kioo cha rimoti: nyumbani. Droni inapopata ishara za setilaiti na kuondoka, huhifadhi mahali iliporukia. Hapo ndipo nyumbani kwake. Mawasiliano na rimoti yakikatika, au betri ikishuka mno, au rubani akibonyeza kitufe cha kurudi, droni hupanda hadi kimo kilichopangwa, hunyoosha njia hadi mahali pale, kisha hushuka na kutua.

Ufuoni mpango huu ni baraka, na umeokoa droni nyingi. Botini ni mtego. Chukua boti inayotembea mita 3 kila sekunde, ambazo ni karibu kilomita 11 kwa saa, mwendo wa kawaida wa safari isiyo na haraka. Baada ya dakika moja tu imeacha mahali droni iliporukia kwa mita 180. Baada ya dakika 15 imefika umbali wa kilomita 2.7. Droni ikiamua kurudi "nyumbani" wakati huo, itarudi kwa uaminifu wote hadi kwenye sehemu ya maji isiyo na boti wala mtu, na itatua hapo. Haina habari kwamba iko juu ya bahari.

Kuna dawa tatu, na rubani mzoefu huzitumia kwa pamoja.

Ya kwanza ni kuhamisha nyumbani. Droni nyingi huruhusu rubani kubadilisha mahali pa kurudi ziwe zingali hewani, na kupaweka pale ilipo rimoti au simu. Baadhi huweza kufuata rimoti zenyewe bila kuambiwa kila mara. Jambo la kuhakikisha kabla ya safari ni kwamba rimoti au simu hiyo ina GPS yake, na kwamba mpangilio huo umejaribiwa nchi kavu kwa kutembea nao. Ambayo haina uwezo huo, rubani huhamisha nyumbani kwa mkono kila baada ya dakika mbili au tatu. Inachosha, lakini kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Ya pili ni kuamua mapema droni ifanye nini mawasiliano yakikatika. Kwa kawaida kuna njia tatu: kurudi, kutua, au kusimama hewani pale ilipo. Kutua juu ya maji hakuhitaji maelezo. Kwa boti inayotembea, kusimama hewani mara nyingi ni salama kuliko kurudi, kwa sababu nahodha anaweza kugeuza na kuifuata mpaka rimoti ishike tena. Lakini mtu asijidanganye kwamba itangoja milele. Betri ikifika mwisho itashuka, iwe imepangwa vipi.

Ya tatu ni betri yenyewe. Ufuoni wengi hurudi ikibaki asilimia 25 au 30. Botini safari ya kurudi ianze ikiwa imebaki nusu. Anayeona hiyo ni hasara asome hesabu ya upepo hapa chini.

Upepo ukiwa usoni

Wavuvi wa Shimoni hawahitaji kufundishwa kusi na kaskazi. Ambalo huenda hawajawahi kulipigia hesabu ni jinsi upepo unavyokula muda wa droni.

Tuseme droni ndogo ina uwezo wa kwenda mita 15 kwa sekunde hewa ikiwa imetulia. Kusi linavuma mita 8 kwa sekunde, kama kilomita 29 kwa saa, jambo la kawaida mwezi wa Julai. Boti inaelekea upepo unakotoka kwa mita 3 kwa sekunde. Rubani anaipeleka droni nyuma ya boti, yaani inakwenda na upepo, apate picha ya mkia wa povu. Droni inasukumwa, inakwenda mita 23 kwa sekunde, na boti nayo inaikimbia. Umbali kati yao unaongezeka mita 26 kila sekunde, na kwa sekunde 15 tayari droni iko nyuma kama mita 400.

Sasa irudi. Dhidi ya upepo inabakiwa na mita 7 kwa sekunde, na katika hizo, 3 zinaliwa na boti inayoendelea mbele. Inaikaribia boti kwa mita 4 tu kila sekunde. Njia iliyochukua sekunde 15 kwenda itachukua sekunde 100 kurudi.

Nahodha akipunguza hadi boti isimame, zile sekunde 100 hushuka hadi 57. Akigeuza na kuijia droni kwa mwendo ule ule, hushuka hadi 40. Hakuna kitufe kwenye rimoti kinachoweza kuleta tofauti kubwa namna hiyo. Na upepo ukipanda hadi mita 12 kwa sekunde huku boti ikiendelea mbele, droni itabaki pale pale nyuma, haikaribii wala haiachwi, mpaka betri iishe.

Kwa hiyo kanuni ya wanaofanya kazi hii ni kwenda dhidi ya upepo kwanza na kurudi nao. Picha za mbele ya boti zinapigwa mwanzoni betri ikiwa imejaa, na za nyuma zinapigwa karibu. Jambo jingine linalosaidia ni kushuka. Upepo karibu na maji huwa mdogo kuliko ulivyo mita 100 juu, na droni inayohangaika kurudi huenda ikapata nafuu ikishushwa, mradi isifike kwenye vilele vya mawimbi.

Maneno machache kati ya rubani na nahodha

Mngurumo wa injini, upepo na kelele za abiria hufanya sentensi ndefu zisisikike. Kabla ya droni kuwashwa, rubani na nahodha hukubaliana maneno mafupi. "Punguza" iwe na maana moja tu. "Shikilia hapo" iwe mwendo na mwelekeo ule ule, bila kubadilisha chochote. "Geuza" iwe kuelekea ilipo droni. Kijana anayemwita nahodha "mzee" kwa heshima asione haya kumpa amri fupi droni ikiwa hewani. Ndiyo maana mapatano hufanywa mapema, wakiwa gatini. Nahodha naye ana neno lake moja linaloshinda yote. Akisema "acha", kwa sababu ya wimbi, mwamba au boti nyingine, picha inaachwa.

Rubani hawezi kuwa ndiye nahodha. Baadhi hujaribu kwenye boti ndogo, usukani chini ya kwapa na rimoti mkononi. Mlango wa Shimoni una mkondo na boti nyingi, na hiyo si njia ya kuwapeleka watu baharini.

Kuondoka

Droni inapowashwa hutaka kukaa tuli kwa muda mfupi ili ipime usawa wake. Boti inayoyumba huichanganya, na nyingi hukataa kuruka au hutoa onyo. Mara nyingi dawa ni kuishika kwa mikono miwili, mwili ukifuata mwendo wa boti, na kuiwasha boti ikiwa imetulia upande wa kisiwa uliokingwa na upepo. Dira nayo husumbuliwa na chuma: nanga, injini, spika kubwa za muziki, hata minyororo iliyo chini ya ubao. Onyo la dira likitokea, rubani huinua droni juu na kuisogeza mbali na chuma. Hapuuzi na kuruka hivyo hivyo. Droni yenye dira iliyopotoka huanza kuzunguka duara zinazozidi kupanuka, na juu ya maji hakuna pa kuiangusha kwa usalama.

Kuna vihisi vya chini pia. Droni nyingi zina macho madogo tumboni yanayotazama ardhi ili kujua kama zimesogea. Maji husogea muda wote na kung'aa, na macho hayo hudanganyika. Droni iliyo chini sana juu ya bahari huweza kuteleza na mkondo ikidhani imesimama, au kukosea kimo chake. Kama mipangilio inaruhusu, vihisi hivyo huzimwa, na droni haishushwi chini ya mita 5 juu ya maji hata kama picha ingependeza.

Kupaisha kwa mkono ni bora kuliko kuiweka sakafuni. Msaidizi husimama mahali pasipo na turubai, antena wala kamba juu yake, huishika droni kwa chini mkono ukiwa umenyooka, na kuiachia inapojivuta yenyewe. Hairushi kama jiwe. Inapoachiwa tu, isogezwe mara moja upande upepo unakokwenda, mbali na boti. Wanaopiga picha za jahazi lililotweka tanga wana sababu zaidi ya kubaki upande wa demani: injini ya droni ikizimika upande wa joshi, upepo huileta kwenye tanga na vichwa vya watu.

Kudaka

Hapa ndipo vidole hukatwa.

Droni inaposimama hewani husimama kwa kufuata setilaiti, haifuati boti. Kwa aliye botini huonekana kama inakimbia nyuma, wakati ukweli ni kwamba boti ndiyo inayoondoka chini yake. Anayejaribu kuitua sakafuni kwa kitufe cha kutua huiona ikigonga ukingo na kutumbukia. Kusimamisha boti kabisa hakusaidii sana, kwani boti isiyo na mwendo hugeuka ubavu kwa mawimbi na kuyumba kuliko mwanzo.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Nahodha huelekeza omo kwenye upepo na kubaki na mwendo mdogo, wa kutosha kushika usukani tu. Abiria wote hukaa mbele. Mdakaji husimama upande wa tezi, amevaa jaketi la kuokoa maisha, glavu nzito na miwani, bila leso au kikoi kinachopepea. Rubani huileta droni kutoka nyuma ya boti, uso wake ukielekea upepo kama boti yenyewe, hadi mita 3 au 4 kutoka tezini, juu kidogo ya kichwa cha mdakaji. Haikaribishwi zaidi mpaka mwendo wake ulingane na wa boti. Sekunde kumi za kwenda sambamba bila kusogea mbele wala nyuma ni dalili nzuri. Kisha inaletwa taratibu hadi ifikiwe na mkono.

Vihisi vya kuzuia migongano vizimwe kabla ya hatua hiyo. Visipozimwa, droni huuona mkono kama kizuizi na kuukimbia, na mdakaji huufuata nje ya ukingo. Mdakaji hushika kwa chini, kwa nguvu, na kuiacha ikae sawa. Asiipindue. Droni iliyoinamishwa huongeza nguvu ya injini ili ijinyooshe, na propela hukutana na mkono. Rubani hubana kijiti cha kushusha mpaka propela zisimame kabisa, ndipo mdakaji anaposogeza mkono.

Ikishindikana mara tatu, wajaribu mahali pengine. Kila safari iwe na sehemu kavu ya akiba iliyochaguliwa kabla ya kuruka: kipande cha ufuo wa Wasini, au fungu la mchanga. Fungu la mchanga lina sharti lake, maji yakijaa halipo, na wakati wa bamvua hutoweka upesi kuliko mgeni anavyodhani. Ndiyo sababu ratiba ya maji hutazamwa hata na anayeruka hewani.

Pomboo, ndege na watu

Pomboo wa Kisite ndio wengi wanaolipa kuwaona, na ndio droni huvutwa kwao. Kuwafuata kwa chini huwatawanya, na boti nyingine zilizokuja na wageni wao hubaki zikitazama maji matupu. Hili huleta ugomvi gatini, na wenye boti wana haki ya kukasirika. Ndege wa baharini hutaga huko pia, na droni kwa ndege aliyelalia mayai ni mwewe. Masharti ya KWS yatasema umbali na kimo, nayo yafuatwe hata kama hakuna askari anayeonekana.

Kuhusu watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi. Kina mama walio kwenye mwani maji ya kupwa, nguo zimefungwa juu ya magoti, wanastahili kuambiwa kabla droni haijafika juu yao. Kuzungumza na viongozi wa kikundi chao au wa BMU siku moja kabla hutosha mara nyingi.

Chumvi, na betri iliyozama

Hata droni isiyogusa maji hurudi na chumvi. Hufutwa siku hiyo hiyo kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa kwenye viungo vya injini na kioo cha kamera, kisha hukaushwa kivulini.

Iliyoanguka baharini ni habari nyingine. Droni yenyewe huenda ikapona au isipone. Betri yake huhesabiwa imekufa. Maji ya chumvi huunganisha ncha zake na kuipasha moto kutoka ndani, wakati mwingine saa kadhaa baada ya kuokolewa, mwenyewe akiwa amekwisha kushukuru. Haichajiwi tena, haitiwi kwenye begi, haifungiwi ndani ya nyumba usiku. Botini hutolewa kwenye droni kama inawezekana na kuwekwa kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga, mbali kabisa na mtungi wa petroli na upande upepo unakokwenda, ili moshi usirudi kwa abiria. Ndoo hiyo ya mchanga hupakiwa gatini pamoja na jaketi za kuokoa maisha. Betri ikianza kufura au kutoa moshi katikati ya bahari, hutupwa nje ya boti bila kungoja. Isipotoa moshi, ikifika nchi kavu huachwa mahali pa wazi, juu ya mchanga, watoto wakizuiliwa, kwa siku nzima kabla ya mtu kuishika tena.